Mgeni Rasmi Kutoka Sindeni

Fundi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kwa miaka kumi na minne nimeanza siku kwa kukuamkia na wewe ukaniitikia na pini mdomoni, na mimi si mtu wa kuacha mazoea kwa sababu tu mwenzangu amekufa. Kwa hiyo shikamoo. Itikia huko uliko, tuendelee.

Nimekaa barazani kwa Mzee Karsan, palepale petu, cherehani yako iko mbele yangu, na daftari la vipimo nimeligeuza nyuma ndipo naandikia. Leo Jumapili, duka lake limefungwa. Korogwe iko kama ulivyoiacha: vumbi, mabasi ya Arusha yanapita yakipiga honi bila sababu, na wale mafundi wa baraza la pili bado wanakunja pindo kwa haraka mpaka linapinda. Miezi kumi sasa tangu uondoke. Nina habari. Nyingine utacheka, na moja nisipokuandikia itanikaba koo. Ndugu zako nusura wakuzike mara mbili, Fundi. Mwili walizika siku ya kwanza, na hilo lilikuwa haki yao. Siku ya tatu walitaka kukuzika wewe mwenyewe, yule tuliyekujua sisi, asibaki hata uzi. Nataka ujue kwamba hawakuweza.

Lakini asante kwanza. Ulizoea kusema Msambaa hashukuru mpaka akumbushwe mara tatu. Haya, leo sijakumbushwa na mtu.

Asante kwa suruali ya kaki. Nilishuka kutoka Lutindi nikiwa na miaka ishirini, na mfuko wa rambo na barua ya mchungaji inayosema mimi ni binti mwenye adabu anayetaka kujifunza ushonaji. Nilikuwa nimevaa sketi ya dada yangu, natembea ndani yake kama nimefungwa miguu. Mafundi wenzako walinitazama wakacheka. Wewe ulinizunguka mara moja, ukavuta futi shingoni, ukanipima kiuno na mguu bila kuuliza kitu. Kesho yake nilikuta suruali imekunjwa juu ya kiti changu, imepigwa pasi, mifuko miwili mbele. Ulisema tu, "Fundi hawezi kufanya kazi na nguo inayomkasirisha." Nilikwenda nayo chooni kwa Mzee Karsan, nikaivaa, nikalia humo ndani mpaka mtu akagonga. Hukuniuliza kilichonichelewesha. Ulinipa mkasi na kipande cha kitambaa cha marekani, ukaniambia nikate mstari ulionyooka.

Na asante kwa matusi. Mteja mgeni akipita hapa alidhani tutauana. Wewe Mzigua, mimi Msambaa, na utani tulirithi, hatukuuchagua: ukinilia ubwabwa wangu sahanini ni haki yako, nikikuita mchoyo mbele ya wateja ni haki yangu, na hakuna wa kununa. Uliniita mla kiazi. Nilikuita Mzigua aliyekimbia jembe. Kuna siku sikuwa na nguvu ya kuamka kitandani, na kilichoniamsha ni kwamba tusi zuri la kukuambia lilinijia na sikutaka lipoe.

Zaidi ya yote, asante kwa mahafali.

Mtu akisikia anadhani ni shule. Kila mwaka baada ya mavuno ya mahindi, Jumapili moja, ulifanya mahafali ya wanafunzi wako wa ushonaji uani kwa Mzee Karsan. Barua ulipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa: kutakuwa na maonyesho ya mavazi, mashairi, michoro, nyimbo na chakula, kuanzia saa nane mchana mpaka kabla ya magharibi. Kila neno la barua ile lilikuwa la kweli. Ambalo hukuandika ni kwamba wahitimu wako walikuwa watu wetu, wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, na wengine ambao hawajui waitweje na kwako hawakuulizwa. Walitoka Mombo, Mkumbara, Handeni mjini, mmoja alishuka mpaka kutoka Lushoto. Kuna watu wamehitimu ushonaji mara tano na hawajui kutunga uzi kwenye sindano. Hamza wetu, muuza nyanya wa sokoni, ana vyeti sita vyenye sahihi yako, na kifungo cha shati lake nakishona mimi.

Nayakumbuka mambo madogo. Yule mwalimu kutoka Handeni ambaye michoro yake tuliibana kwa vibanio kwenye kamba ya kuanikia, watu wakipita chini yake na sahani za pilau wakiinua vichwa. Kijana aliyemwandikia mwenzake shairi, akalisoma huku anatazama chini, na mwenzake amekaa mbele kwenye mkeka anatazama chini vilevile, na sisi wote tumenyamaza tusiwavurugie. Hapo ndipo nilipokutana na Mariamu wangu. Alikuja kusoma ngonjera, akasahau ubeti wa tatu, akatukana, na mimi nikaona basi, nimekwisha. Na wewe ulikuwa unatoka mwisho, jua likiwa limeshaanza kulegea, umevaa lile gauni la satini ya buluu lenye shanga kifuani, unaimba nyimbo za harusi za kwenu, unacheza polepole bila haraka na mtu. Mwanaume wa miaka hamsini mwenye mvi na futi shingoni. Hata kwenye gauni futi hukuivua.

Mwaka mmoja mwenyekiti aligonga geti ghafla. Tulikuwa tumejiandaa, kila mtu akaruka kwenye cherehani, lakini Hamza alikuwa juu ya meza na gauni la waridi, hakuwa na pa kwenda. Wewe ukatia pini nne mdomoni, ukashika pindo la Hamza, ukamwambia mwenyekiti bila kugeuka: "Karibu mzee, kaa, nampima huyu, umbo la mke wake ni hili hili." Mwenyekiti akamtazama Hamza kutoka juu hadi chini. Akasema mke huyo lazima ni mrefu. Akakaa, akala pilau sahani mbili, akaagiza kaunda suti, na akalalamika kwamba mahafali mengine asijulishwe kwa barua tu, aitwe kwa simu. Tulicheka wiki nzima. Lakini usiku sikucheka, na najua na wewe hukucheka, kwa sababu wapo wenzetu waliofukuzwa nyumba wakiwa na nguo walizovaa tu, na mmoja aliyepigwa mpaka jicho likapotea, na tofauti yao na sisi ilikuwa pini nne na sahani ya pilau.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nililifanya mimi, kwa ujanja wangu.

Magauni yako saba yalikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chako. Ni mimi niliyeandika juu yake kwa maka peni, herufi kubwa: SARE ZA KWAYA. Nilijiona nina akili. Nilisema vitu vya kanisa hakuna anayevigusa. Wewe ulitikisa kichwa ukasema Mwislamu wa Sindeni na sare za kwaya wapi na wapi, lakini ukaacha.

Jumanne ile presha ilikuangusha asubuhi, hapa hapa barazani. Ulikuwa umeshachora suti kwa chaki, hujaikata. Mpaka tunakufikisha hospitali ulikuwa umeshaondoka. Kaka yako Salehe akaja na gari saa sita, alasiri wakakuzika Sindeni. Sisi wanawake tulibaki uani, kaburi sikuliona siku hiyo. Na jioni yake Salehe alihamisha vitu vyako vyote kutoka chumbani, pamoja na sanduku.

Unamjua Salehe. Akiokota jembe njiani atalizungusha kijiji kizima akimtafuta mwenyewe. Aliposoma "Sare za kwaya" alisema mali ya kanisa haiwezi kulala kwenye nyumba ya marehemu, lazima irudi kwa wenyewe, na kabla haijarudi lazima ihesabiwe mbele ya mashahidi ili lisije likatoka neno. Akawaita wazee wawili wa ukoo. Akafungua. Ningeandika "Viraka," angelitupa stoo mpaka kiama.

Alinipigia simu siku hiyo hiyo, ya pili ya msiba. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Alikuwa ameinua gauni moja kwa mabega, akaona ni mabega ya mdogo wake. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba siku ya tatu, watu wakishasoma hitma na kula, atayachoma yote nyuma ya jiko, na mimi na wenzangu tusahau kama tuliwahi kumjua Athumani. Alisema anamfichia mdogo wake aibu. Nadhani aliamini hivyo kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Hamza alilia kwenye simu akaniomba nisiende. Wengine walisema hivyo hivyo: acha yaungue, nguo ni nguo, ukifanya kitu pale utatuanika sote. Hawakukosea. Mariamu peke yake hakunizuia. Alitoa suruali yangu nzuri kabatini, akaipiga pasi, akaniambia, "Twende, nitakaa karibu na njia."

Tulifika Sindeni watu wanakula. Mama yako alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na sanduku lilikuwa limeshatolewa nje, limekaa peke yake karibu na jiko, na kidumu cha mafuta ya taa pembeni. Kila mtu aliliona na hakuna aliyelitazama. Nilikuwa sijapanga lolote, nakuambia kweli. Niliketi na wanawake, nikashika sahani.

Basi shangazi yako mmoja, yule mwembamba mwenye sauti kubwa, akaanza kulalamika. Msiba huu vipi, siku ya tatu leo na hatujacheka. Watani wako wapi? Mtu mzima amekufa na hakuna mtani wa kumwigiza, kwani alikuwa mtoto mchanga? Watu wakaitikia, kweli, watani wako wapi. Na mimi, Fundi, nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema: "Mtani ni mimi hapa. Msambaa wa Lutindi."

Unajua kwetu mtani msibani ana kazi yake. Avae nguo za marehemu, atembee kama yeye, aseme aliyokuwa akiyasema, na yale ambayo ndugu hawathubutu. Na neno lake halishikwi.

Nikaenda kwenye sanduku, nikafungua mbele ya kaka yako, nikavuta lile la buluu, nikalivaa juu ya shati na suruali. Nikatia futi shingoni. Nikatia pini mdomoni. Halafu nikatembea mwendo wako, ule wa kutanguliza bega la kushoto, nikipita katikati ya wazee nikiwashika kola na kusikitikia mishono yao. Wanawake ndio walioanza kucheka. Nikamfuata Salehe, nikampima kifua, nikampima tumbo, nikatikisa kichwa pole pole, vile ulivyokuwa unamtikisia mwenye kitambi anayetaka suti ya kubana. Uwanja mzima ukacheka. Watu wanashikana.

Na walipokuwa wanacheka nikawaambia. Nikasema huyu Mzigua wenu alivaa gauni hili na lilimkaa kuliko linavyonikaa mimi, alicheza kuliko wake zenu wote, alipendwa kule Korogwe na watu ambao hamtawajua, na hakuoa kwa sababu hakutaka kumdanganya binti wa watu, na mlijua, nyote mlijua, wachoyo wakubwa nyinyi.

Kicheko kikakatika. Nilisikia kuku. Nikafikiri, Penina, leo ndiyo leo. Halafu mama yako akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akipiga paja, akisema kwa sauti, "Ndivyo anavyotembea. Ndivyo anavyotembea hivyo hivyo." Na akishacheka mama wa marehemu, nani mwingine atanuna?

Nikakaa juu ya sanduku. Nikasema mtani ameliteka sanduku hili, haondoki. Salehe akasimama mbele yangu na kile kidumu mkononi, tukatazamana. Nikashika bati la sanduku kwa mikono miwili. Mmoja wa wale wazee wawili waliohesabu, mzee wa watu mwenye kofia ya kitani, akasema bila kuacha kula: "Mwache, Salehe. Alichokalia mtani hakinyang'anywi." Salehe akaweka kidumu chini.

Ni yeye aliyelibeba sanduku mpaka barabarani, kichwani kwake mwenyewe. Hakunitazama wala hakusema na mimi. Lakini alilifunga kwenye bodaboda kwa kamba, mafundo mawili mawili, akalitikisa kuhakikisha. Kabla hajalifunga mama yako alikuja akageuza pindo la lile gauni la buluu nililokuwa bado nimelivaa, akapitisha kidole kwenye mishono. Aliuliza kama ulishona mwenyewe. Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Pindo lake zuri." Basi.

Nilidhani habari imeishia hapo, na ningeridhika. Magauni yapo, yako kwangu, na sandukuni sasa nimeandika VIRAKA. Lakini mahafali niliyaogopa. Wawili walisema hawatakuja tena, sikuwalaumu. Nilikwenda kumwambia Mzee Karsan kwamba mwaka huu pengine tuache, kwamba Fundi hayupo na mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Unamjua yule mzee, kila mwaka siku ya mahafali anapanda juu kulala, na analala kwa bidii, dirisha amefunga, mpaka mtu wa mwisho atoke. Hajawahi kuuliza kitu wala kusema anajua. Alinimiminia chai, akaniambia, "Ua uko palepale. Funguo unajua inapokaa." Akaendelea na gazeti lake.

Nikaandika barua ya mwenyekiti. Ratiba niliinakili ile yako ya zamani, mstari kwa mstari, mpaka nikafika pale penye "Hotuba ya mgeni rasmi." Pale ulikuwa unaandika ili ifanane na mahafali ya watu wengine, na siku yenyewe tunaruka. Tungemwalika nani sisi?

Wiki moja kabla, simu ya Salehe ikaita. Haikuwa sauti yake, ilikuwa ya mama yako. Alisema amesikia yapo mahafali ya wanafunzi wa mwanawe. Alisema amezaa fundi na hajawahi hata siku moja kualikwa kuona wanafunzi wake. Nikamwambia nitampigia. Tulikaa kikao sokoni nyuma ya matenga ya Hamza, tukabishana, mmoja akasema mama ni mama lakini mdomo ni mdomo. Mwisho Hamza, huyo huyo aliyenililia nisiende Sindeni, akasema alicheka, si alicheka? Mwacheni aje.

Alikuja, Fundi. Alipanda basi la asubuhi kutoka huko kwenu, akabadilisha Handeni, na Salehe amemshika mkono. Salehe alimfikisha getini hakuingia. Akavuta kiti changu cha barazani akaketi nacho nje ya geti, mchana kutwa, na kila aliyepita akiuliza kuna nini humo alijibu, "Mahafali." Mwenyekiti naye alipita, wakasalimiana, wakazungumza habari za mahindi, akaenda zake. Hatujawahi kuwa na mlinzi kama yule.

Tulimkalisha mama yako mbele, kwenye kiti chenye kitambaa. Alitazama michoro kwenye kamba mmoja mmoja, hakuruka. Alisikiliza mashairi. Mariamu alisoma ngonjera, na ubeti wa tatu aliukumbuka. Hamza alipotoka na lile gauni la waridi mama yako akamwita karibu, nikafikiri sasa tumekwisha, kumbe anataka kumnyooshea zipu mgongoni. Vyeti aligawa yeye. Alipofika kwa Hamza tukamwambia huyu ni cha saba. Akamtazama, akasema, "Saba? Basi huyu hasikii." Pilau ilitutoka mdomoni kwa kucheka.

Halafu akasimama kutoa hotuba, maana mgeni rasmi lazima ahutubie. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza kitu. "Mimi ni mama yake Athumani. Nilijua tangu ana miaka minane. Nilikuwa nangoja aniambie. Na yeye, naona, alikuwa anangoja nimuulize. Tumengojana mpaka amekufa." Akajifunga upya kanga yake. Akaendelea: "Nyinyi mlimwona akicheza, mimi sikumwona. Asanteni kwa kumtazama. Mkija Sindeni msipitie nyuma, piteni mlango wa mbele." Akakaa, akaomba maji.

Sijui kama marehemu wanaona. Mchungaji anasema hivi, shehe anasema vile. Kama ulikuwa hujaona, ndiyo maana nimekuandikia. Anajua, Fundi. Alijua siku zote, na hakupungukiwa na mapenzi hata kidogo. Mliogopana tu nyie wawili.

Tangu siku ile maneno yake hayaniachi. Wiki hii nimefumua kola ya mteja mara mbili. Mama yangu yupo Lutindi, ana miaka sabini na mbili, magoti yanamsumbua. Miaka tisa napanda kule na Mariamu. Mariamu anamchotea maji, anamkanda miguu, anajua dawa zake zinaisha tarehe ngapi kabla yangu mimi. Na mama anaambiwa ni mpangaji mwenzangu. Mpangaji gani huyo? Na siku zote tukiondoka mama ananishika mkono anakaa nao muda mrefu kidogo, ananitazama, halafu anasema haya, nendeni salama. Nilikuwa nadhani ni uzee.

Mapumziko yako yawe mema, mwalimu wangu. Umenifundisha kukata, kupima, kunyamaza inapobidi, na kucheka nikiogopa. Magauni yako nitayatunza, mahafali nitayasimamia. Hilo ni dogo. Ahadi yangu kwako ni hii nyingine: Jumamosi tunapanda Lutindi, mimi na Mariamu, na mama akituandalia chai nitamwambia. Sijui atasemaje. Huenda akanifukuza, na nikifukuzwa nitashuka nikilia, na Mariamu atakuwepo. Lakini sitangoja mpaka Mzigua mmoja aje Lutindi kuvaa suruali yangu kwenye msiba wangu ndipo mama yangu anijue.

Mtani wako, mwanafunzi wako,
Penina